Nafasi ya Karatasi Moja

Geoffrey Wesonga alimkosa kiboko asubuhi ya Jumanne katikati ya Aprili, na kabla ya saa nne soko lote la Busia lilikuwa limepata habari. Hakumkosa kabisa. Alilenga chini ya sikio, pale askari wa wanyamapori wanapofundishwa kulenga, lakini risasi ikapita vidole vinne kando na kuvunja taya. Kiboko aliyevunjwa taya hana subira na mtu. Alipanda kutoka Mto Sio, akakatiza shamba la maharagwe, akamkanyaga Amollo aliyekuwa amesimama na majirani zake kando ya mtaro. Wengine walikimbia wakapona. Amollo alilazwa hospitali huko Alupe, na alipotoka alikuwa na mguu mmoja.

Wesonga alikuwa mtu wa Busibwabo, umri wa miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka ishirini na mitatu ndiye aliyeitwa kila mnyama aliposumbua watu upande huu wa mpaka. Alikuwa akimaliza kazi kwa risasi moja, na watu walimpa jina la Moja. Sasa jina hilo liligeuka mzaha. Akipita sokoni, vijana wa bodaboda walikuwa wakifunika jicho moja kwa kiganja. Mama mmoja wa parachichi alimwambia, "Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe, mzee, tutakuambia tu." Wote waliokuwa karibu walicheka, na yeye akanunua parachichi mbili ambazo hakuzitaka, kwa sababu kuondoka mikono mitupu kungekuwa aibu zaidi.

Mkewe, Trizah, alishona sare za shule katika kibanda karibu na steji ya magari. Wiki ya pili baada ya ajali, mteja mmoja alikuja kuchukua nguo ambayo ilikuwa haijawekwa mikono. Alisema atamalizia kwingine. Trizah aliikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko, akamrudishia na vifungo vyake vyote sita.

Kisha barua ikaja. Mkaguzi angetoka makao makuu kuichunguza bunduki na risasi zake. Zikipatikana na kasoro, Wesonga angebaki kazini. Zikipatikana nzima, ingemaanisha kwamba kosa lilikuwa la mpigaji, naye angefutwa kwa uzembe bila pensheni.

"Si waseme tu macho yako imezeeka, upumzike na pesa yako?" Trizah aliuliza.

"Nilipimwa mwezi wa pili. Macho yangu iko sawa, na wanajua."

"Basi ni bunduki."

"Ikiwa ni bunduki, lazima kuna kitu ndani yake," Wesonga alisema. "Bunduki haikosi bila sababu."

* * *

Stoo ya silaha ilikuwa chumba kidogo cha mabati nyuma ya ofisi, chenye balbu iliyowaka mchana kutwa na joto la kutosha kukausha mihogo. Mtunzaji wake alikuwa Konstebo Auma, mwanamke mtulivu aliyehamishiwa Busia mwezi Machi. Kanuni hazikumruhusu Wesonga kuigusa bunduki hiyo mpaka mkaguzi afike, lakini hazikumkataza kusimama mlangoni na kuuliza.

Walianza na risasi. Auma alizipanga mezani akasoma namba zilizochapwa kitakoni mwa kila ganda. Zote zilikuwa za kundi moja, zimetengenezwa siku moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana risasi mbili zinazofanana kwa macho zaweza kuachana kwa uzito au kwa kipimo cha baruti, na tofauti ndogo kama punje ya mchele huonekana wazi mnyama akiwa hatua themanini. Akazipima kwa mizani ndogo ya stoo. Hakuna iliyozidi nyingine.

"Mtutu?" Wesonga aliuliza.

Auma alichomoa komeo, akaelekeza mtutu kwenye balbu, akachungulia. "Msafi. Mistari ya ndani iko, haijalika. Mdomo hauna jeraha."

"Darubini?"

"Imekaza. Screw zote zimekaza. Afande, nimeangalia hii kitu mara tatu. Mimi mwenyewe nataka nipate kosa."

Wesonga alimshukuru. Alirudi nyumbani akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo mbele ya mnyama yeyote, kwa sababu sasa hakubaki mwingine wa kulaumiwa ila yeye.

* * *

Mkaguzi, Makokha, alifika wiki nne baada ya ajali. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mwalimu, na hakuja na ubaya wowote. Waliipeleka bunduki kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji, wakabandika karatasi kwenye ubao hatua themanini mbele, wakaweka magunia ya mchanga. Makokha alilala chini akapiga risasi tatu. Wesonga naye akapiga tatu. Walipokwenda kutazama, matundu yote sita yangeweza kufunikwa kwa kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, katikati kabisa ya alama.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Wesonga alihuzunika kwa kulenga vizuri.

"Bunduki ni nzima," Makokha alisema. "Pole, mzee. Macho yako pia ni mazima, naona. Sijui siku ile kulikuwa na nini. Pengine uliogopa. Hutokea."

"Sikuogopa."

"Basi nitaandika kwamba hujui."

Auma alikuwa akibandua ile karatasi ubaoni. Aliikata ukanda mrefu, akaupitisha chini ya mtutu, akashika ncha mbili na kuanza kuuvuta taratibu kutoka mdomoni kuelekea nyuma, katikati ya chuma na mbao. Alikuwa amefundishwa kufanya hivyo kila bunduki inaporudishwa, lakini siku ya ajali hii ilifungiwa stoo moja kwa moja, na haikuwa imetoka tena mpaka leo. Karatasi iliingia upana wa kidole kimoja, ikakwama. Akavuta tena. Ikachanika.

"Afande, hapa karatasi haipiti."

Makokha aliipokea bunduki, akaigeuza juu chini, akaikwaruza mbao kwa ukucha. "Mbao yapasa kushika chuma huku nyuma peke yake," alisema, na ilikuwa kama anawafundisha wanafunzi. "Huku mbele mtutu uwe huru. Risasi ikitoka, chuma kinatetemeka kama waya wa nguo. Kikitetemeka vilevile kila siku, risasi inakwenda palepale kila siku. Kitu kikikigusa, mambo yanabadilika. Na mbao ikinywa maji, inasukuma." Akamtazama Wesonga. "Siku ya kiboko kulikuwa na mvua?"

"Siku tisa mfululizo. Nilikuwa kwa nyasi tangu alfajiri."

"Na tangu hapo imekaa kwa stoo yenye balbu. Imekauka ndiyo maana leo inapiga vizuri." Makokha alikwaruza tena, na unga mweupe ukabaki kwenye ukucha wake. "Hii haikutoka kiwandani. Mtu ameziba hapa. Ni nani alitengeneza hii mbao?"

"Ilipasuka mwaka jana," Wesonga alisema. "Ikatengenezwa."

"Nimeuliza ni nani."

Wesonga alitazama magunia ya mchanga. "Nipe mpaka kesho, afande."

* * *

Mbao ya bunduki ilikuwa imepasuka Novemba, gari la kikosi lilipoteleza na kulalia ubavu. Wesonga aliandika barua tatu kuomba mbao nyingine, na makao makuu hayakujibu hata moja. Mwezi wa Desemba nguruwe mwitu walipovamia mihogo, alichoka kungoja. Alifungua screw, akaacha chuma stoo, akaitia mbao peke yake kwenye gunia na kuipeleka Malaba kwa fundi aliyemwamini kuliko wote. Kanuni ilikataza. Sehemu ya silaha ya serikali haipelekwi kwa mtu asiye na leseni, na anayeipokea ana hatia sawa na anayeipeleka.

Fundi huyo alikuwa Mzee Emorut, baba yake Trizah. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili, na alitengeneza vitanda na majeneza nyuma ya barabara ambako malori hupanga foleni kuelekea Uganda. Aliunganisha ule ufa mpaka usionekane, na hakutaka malipo. Wesonga aliipokea mbao kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akashukuru, akaifunga kwenye gunia papo hapo. Mkwe hageuzi-geuzi kazi ya baba wa mkewe kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Ingekuwa fundi mwingine, angeichunguza ndani na nje kabla ya kuondoka. Alipoiunganisha na chuma, alipiga risasi tano za majaribio katika kiangazi cha Januari, zote zikaingia, na akaona ni utovu wa adabu kutafuta kasoro zaidi.

"Sema ni papa," Trizah alimwambia jioni hiyo, akiwa bado na kanda ya kupimia shingoni. "Ni mzee. Watamkemea tu."

"Watamkamata."

"Na wewe watakufukuza. Watoto wawili wako college, Geoffrey. Mimi nashona sare, sishoni ada."

"Siwezi kutaja mkwe wangu kwa polisi. Heri lawama kuliko fedheha."

"Hiyo lawama unaila peke yako? Mimi ndiye nimerudishiwa nguo bila mikono." Alizungumza bila kupandisha sauti, na machozi yalimtoka akiwa anaendelea kukunja vitambaa. "Mnaheshimiana wewe na papa mpaka mtu amepoteza mguu."

Asubuhi, kabla Wesonga hajaamka vizuri, Trizah alikuwa ameshaondoka kwenda Malaba.

* * *

Alimkuta baba yake akipiga msasa kifuniko cha jeneza. Nje, madereva wa malori walikuwa wakipiga mswaki kando ya magurudumu, na mwanamke mmoja akipita na birika la chai na kikapu cha mandazi. Emorut alimwekea binti yake stuli.

"Papa, ile mbao ya bunduki. Huku mbele uliweka kitu?"

"Niliziba," Emorut alisema mara moja, na kwa fahari. "Kulikuwa na pengo kutoka hapa mpaka hapa. Aliyeitengeneza kwanza alikuwa mvivu. Nilichukua vumbi la mbao, nikachanganya na gundi nyeupe, nikajaza, nikapiga msasa. Chuma kililala pale kama mtoto. Kwa nini?"

Trizah alimweleza yote jinsi Wesonga alivyomweleza yeye: mtutu unaotetemeka, karatasi iliyokwama, mvua ya siku tisa. Emorut aliendelea kusugua kifuniko kwa muda, lakini mahali palepale.

"Kazi yangu haina pengo," alisema. "Ukiacha pengo kwa jeneza, watu wa matanga wataona."

"Hilo pengo lilikuwa limewekwa kwa makusudi, papa."

Mtu aliyeshika mbao kwa miaka hamsini na tano haelezwi mara mbili jinsi inavyokunywa maji. "Ndani sikupaka vanishi," alisema hatimaye. "Nilipaka nje tu. Vumbi na gundi, bila vanishi. Hiyo lazima ilivimba." Aliketi juu ya jeneza, jambo ambalo Trizah hakuwahi kumwona akilifanya. "Na yule mtu wa mguu, ni wa wapi?"

"Ni Amollo, karibu na mto."

"Mbona Geoffrey hakuniambia chuma kinataka nafasi? Ningeacha. Ningeongeza hata."

"Angekuambiaje? Wewe ni mkwe wake. Hata chumvi ikizidi kwako, anakula."

Emorut aliangalia mikono yake, ambayo ilikuwa na vumbi mpaka kwenye viwiko. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Alisimama, akafunga patasi zake tatu kwenye kitambaa, akamwambia binti yake waende.

* * *

Wesonga alikuwa ameketi mbele ya Makokha, akijiandaa kusema kwamba hatataja mtu, Emorut alipoingia na kofia mkononi. Wesonga aliruka kumpisha kiti. Mzee hakukaa.

"Mimi ndiye niliziba," alimwambia Makokha. "Huyu hakujua. Mkitaka kufunga mtu, nifungeni mimi, lakini kwanza nataka nione hiyo mbao yangu ilifanya nini."

Makokha alimtazama, kisha akafunga kalamu. Alikuwa mtu wa kupenda ushahidi. Walilowesha gunia, wakaifunga sehemu ya mbele ya bunduki, wakaiacha kivulini tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Kule machimboni Makokha mwenyewe ndiye aliyepiga. Risasi tatu zilikwenda pamoja vizuri kabisa, na zote tatu zilikuwa vidole vinne kando ya alama.

Emorut aliyagusa matundu moja moja kwa kidole. Kisha akaomba mbao ifunguliwe, akatandaza kitambaa chake juu ya jiwe, akachagua patasi nyembamba. Hakuna aliyemzuia. Alianza kuondoa kazi aliyoipenda, na ule mchanganyiko uliolowa ulitoka laini kama uji ulioganda.

"Hivi?" aliuliza bila kumtazama mkwewe.

Wesonga alipitisha karatasi. Ilipita kwa shida, ikisugua mbao. Kila kitu alicholelewa nacho kilimwambia aseme asante. Auma alikuwa akimwangalia, na Trizah pia.

"Bado, mzee," Wesonga alisema. "Ondoa tena. Upande wa kushoto."

Emorut aliondoa. Aliuliza tena, akaambiwa bado, na mara ya tatu karatasi ikateleza kutoka mdomoni mpaka nyuma bila kugusa popote. Walifunga mbao ikiwa bado mbichi, wakapiga, na risasi zikaingia kwenye alama. Mzee alipangusa patasi akasema kwamba mtu akimtaka afanye kazi, amwambie kazi ni ya nini.

Makokha aliandika hapohapo juu ya boneti ya gari. Chanzo cha ajali: mbao ya bunduki. Wesonga alipewa onyo kwa kuvunja kanuni, akaondolewa kwenye kazi ya kulenga, na pensheni yake ikabaki. Emorut alionywa kwa mdomo. Trizah alimshika mumewe mkono mbele ya watu, na hilo lilikuwa jambo geni kwao wote wawili.

* * *

Jumamosi walikwenda wote watatu kwa Amollo. Emorut ndiye aliyetaka. Alibeba magongo mawili aliyoyachonga kwa mti wa mvule, yenye mito ya ngozi pale kwapani. Syprose, mke wa Amollo, aliwakaribisha kwa viti lakini hakuleta chai, nao hawakuitarajia.

Wesonga alieleza. Alieleza vizuri, kuanzia gari lililoteleza mpaka vidole vinne, na Emorut akaomba msamaha kwa maneno machache. Amollo alisikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Aliyapokea magongo, akayajaribu, akasema urefu ni sawa.

"Mambo ya mbao nimeelewa," alisema. "Ilinyeshewa, ikavimba, ikasukuma chuma. Sawa. Sasa nieleze mambo ya mtaro."

Trizah alimgeukia mumewe. "Mtaro gani?"

"Nilimuuliza tusimame wapi," Amollo alisema, bila ukali. "Mimi nilitaka turudi kule kwa nyumba za matofali. Akaniambia, kaeni tu hapo muone, mimi sikosi. Tukakaa. Hiyo pia ilisemwa na mbao?"

Hakuna mtu aliyemuuliza Wesonga jambo hilo, tangu siku ya ajali mpaka siku ya uamuzi. Uchunguzi ulikuwa wa bunduki. Angeweza kusema hakumbuki, na wale majirani wengine walikuwa mbali kidogo na mvua ilikuwa na kelele. Alifikiria pensheni, akafikiria watoto wawili, na fikira hizo hazikuchukua muda mrefu.

"Nilisema," alijibu.

"Iko kwa ile karatasi yao?" Syprose aliuliza kutoka mlangoni.

"Haiko."

"Najua haiko. Nilisomewa." Alikuwa ameshika upindo wa leso yake kwa nguvu. "Imeandikwa tu mbao. Mimi nitakasirikia mbao namna gani?"

Emorut aliinama. Wesonga alisimama, akamwomba Amollo ruhusa ya kuondoka, akatembea mpaka barabarani bila kuwangoja wengine. Trizah alimfikia karibu na daraja.

"Faili ya Makokha inaenda Nairobi Jumatatu," alisema. "Wakiona mambo ya mtaro watakata pensheni. Unajua?"

"Najua."

"Na unaenda tu."

"Naenda."

Trizah alimtukana kwa Kiteso, polepole, akamaliza. Kisha akamwambia kwamba pikipiki zinangoja abiria pale mbele, na wasipokwenda sasa ofisi itafungwa.

Auma alikuwa akifunga stoo walipofika. Wesonga alipoomba faili la uchunguzi, alilitoa bila kuuliza sababu, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho, akampa kalamu. Chini ya sahihi ya Makokha palikuwa na nafasi ndogo. Wesonga aliandika kwamba yeye ndiye aliyewaambia watu wasimame pale, na kwamba waliuliza kabla. Akatia jina lake lote na tarehe, akamrudishia Auma kalamu yake.